Watu Kumi kwa Mwezi

Niliandika *asali*, neno moja, nikabonyeza.
Ilikuwa kama kusimama mnadani na kuita, "Jamani!"
Nani ageuke?
Kurasa kwa kurasa za wenye magodauni,
wenye picha za nyuki waliopigwa pasi,
na sisi huku Isevya, chumba kimoja, ndoo kumi na moja,
Shangazi Kalunde akihesabu vifuniko kwa kidole
kana kwamba ndoo zitapungua akikosea.

Fuata nyuki ule asali, imesema methali.
Haikusema nyuki yupi.

Nikarudi. Nikaongeza herufi, moja moja,
asali a, asali b,
nikakiacha kisanduku kinimalizie sentensi
kama jirani mjuaji anayekudakia maneno.
Bando la usiku. Taa ya stesheni dirishani.
*asali kwa kidonda cha mguu kisichofunga*
*asali mbichi au ya kuchemsha ipi ya kupaka usoni*
*asali nyuki wadogo lita moja bei gani*
Ng' haikuleta kitu; nikacheka, nikasonga.
Mtu hasemi hivyo mbele za watu.
Huandika akiwa peke yake, bila hodi, bila shikamoo,
bila herufi kubwa.

*asali inaponya sukari*
Hiyo waliiuliza wengi mno. Pesa ilikuwa imelala chali pale.
Nikainakili daftarini, nikaikata mistari miwili.
"Umefuta nini?"
"Uongo."
Shangazi akaendelea na vifuniko vyake.

Reli ikitoka Dar ni moja, kila mtu anaijua.
Hapa Tabora ndipo inapoanza kuchagua:
huku Mwanza, huku magharibi,
na ikifika Kaliua inachagua tena, Mpanda au Kigoma.
Kadiri tawi linavyokonda
ndivyo anayeshuka anavyojulikana kwa jina,
akipokelewa na mtu aliyemjia yeye, si treni.
Maneno nayo. Asali. Asali ya Tabora.
Asali ya Sikonge iliyovunwa kwa moshi mdogo.
Wataalamu wanauita mkia mrefu.
Mimi nauona kama njia ya kwenda kwenye mizinga yetu:
inakonda, inakonda, unadhani umepotea,
halafu unasikia mvumo.

Usiku wa nne, herufi i:
*asali iliyoganda kama samli imeharibika au bado*
Watafutaji: kumi kwa mwezi.
Kumi! Foleni ya bomba letu inawazidi.
Lakini nikageuka, nikazitazama ndoo zetu,
zote kumi na moja zimeganda,
zote zimerudishwa na duka moja la Cheyo
pamoja na kikaratasi: *Mmetuchanganyia sukari.*

Nikawaandikia hao kumi.
Kwamba haijafa, imelala.
Kwamba baridi ya Juni huifanya hivyo.
Kwamba uikalishe chupa kwenye maji ya uvuguvugu
wala usiipeleke motoni kwa sababu una haraka.
Nikapiga picha ya kijiko kimesimama wima ndani ya ndoo,
mkono wa Shangazi ukitokea pembeni, na kucha zake.
Kichwa cha ukurasa nikakiacha kama alivyouliza mwulizaji,
pamoja na "au bado" yake.

Wiki tatu, kimya.
Shangazi akasema bora tungelima tumbaku.

Jumanne simu ikaita, namba ngeni, kutoka Nguruka.
Mama Gwasa, alijitaja, na hakusalimu, kama wote:
"Hiyo iliyoganda, mnayo?
Ya maji inanimwagikia kwenye behewa kila safari."

Nikamtazama Shangazi, kifuniko mkononi.
"Anataka ngapi?"
"Anauliza kama tunaweza kuigandisha zaidi."